Siku Kontena Ilipogoma Tseikuru

Daktari aliyenipima mgongo juzi aliniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kabla ya kustaafu. Nikamwambia miaka yangu ya mwisho kazini nilishughulika sana na kontena. Akanitazama juu ya miwani, akatikisa kichwa, akasema, "Lakini mama, kwa umri wako, mizigo kama hiyo wangewaachia vijana." Sikuwa na nguvu ya kumweleza. Ninaishi Kambu, kando ya barabara ya Mombasa, na huku ukitaja kontena kila mtu anafikiria lile sanduku la chuma linalopita juu ya lori. Nikamwacha aamini nilikuwa mpakuaji wa mizigo. Mgongo unauma vile vile.

Nyinyi mnaonijia wakati wa likizo na laptopu zenu, mkiniuliza, "Madam, ulianzaje?", mnajua kontena ninayoisema. Lakini labda baba zenu watasoma haya pia, kwa hiyo niseme kwa lugha ya nyumbani. Kontena yetu ni programu ya kompyuta iliyofungwa pamoja na kila kitu inachohitaji: Python yake, ambayo ndiyo lugha iliyotumika kuiandika, paketi zake, mipangilio yake. Paketi ni kazi za watu wengine unazoazima ili usianze kuandika kila kitu mwenyewe. Na programu inayokwenda mtandaoni kukuletea hizo paketi inaitwa meneja wa paketi. Unafunga kontena mara moja, unaiwasha popote. Ndivyo wanavyosema. Hiyo "popote" ndiyo iliyonizeesha.

Naitwa Nduku. Nilikuwa katika mradi mmoja wa maji ambao sitautaja jina, maana wenzangu wengine bado wako pale na wana watoto wa kusomesha. Ofisi yetu ilikuwa Kitui mjini. Visima vyetu vilikuwa virefu, vya kuchimbwa kwa mashine, vimetawanyika kutoka Mutomo upande wa kusini hadi Tseikuru kule juu kaskazini. Kwa kila kisima kulikuwa na kibanda cha pampu, na ndani ya kibanda kompyuta ndogo kama pakiti ya majani chai. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuuliza maji yako wapi chini kule. Maji yakishuka karibu na pampu, izime pampu. Yakipanda tena, iwashe. Pampu ikizunguka bila maji inaungua, na kuing'oa kutoka chini ya ardhi ni shughuli ya lori, winchi na majuma mengi ya kungoja. Wakati wa kiangazi hakuna mtu mwenye majuma mengi ya kungoja.

Aliyenifundisha hii kazi alikuwa Injinia Muthoka, mtu mrefu, mpole, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka uanze kujijibu mwenyewe. Siku moja visima viwili vya Mutomo vilianza kutoa majibu tofauti ingawa programu ilikuwa ile ile. Kimoja kilileta vipimo vizuri, cha pili kilikuwa kimenyamaza. Mimi nilikuwa na hakika kifaa cha kupimia kimekufa. Muthoka alitazama faili letu la mahitaji, lile ambalo meneja wa paketi analisoma kabla ya kwenda mtandaoni, halafu akaniuliza, "Nduku, ukimtuma mtu dukani, unamwambia nini?"

"Inategemea. Aniletee unga."

"Unga gani?"

Nikaligeukia faili tena.

"Basi hapa umeandika unga," akasema. "Huyu wa kwanza alikwenda mwezi wa pili, akaleta uliokuwepo. Huyu wa pili amekwenda jana, akaleta uliokuwepo jana. Wote wametii. Usiwalaumu."

Tangu siku hiyo nilijifunza kufunga matoleo. Huandiki jina la paketi peke yake. Unaandika na toleo lake, na toleo la paketi ambazo hiyo paketi nayo inazitegemea, mpaka chini kabisa. Siku hizi meneja wa paketi anakutengenezea faili la kufuli linaloshika yote hayo, na unamwamuru alifuate jinsi lilivyo, asijaribu kuwa mwerevu. Mkiwa na kontena mtaambiwa kwamba hamhitaji kufuli kwa sababu kontena yenyewe imefungwa. Si kweli. Imefungwa baada ya kujengwa. Siku unayoijenga, mlango uko wazi, na upepo wowote unaingia.

Muthoka alistaafu kabla yangu, akarudi kwao kufuga nyuki. Kuna siku nyingine, kabla hajastaafu, tulikaa naye nje ya kibanda kimoja huko Mutomo, tukisubiri pip imalize kazi. Pip ndiyo ilikuwa meneja wetu wa paketi wakati huo. Paketi moja haikuwa imetayarishwa kwa ajili ya kompyuta ndogo kama yetu, kwa hiyo pip ikaamua kuitengeneza upya pale pale, kutoka kwenye maandishi yake ya asili. Tulikunywa chai. Tukala mahindi ya kuchoma. Muthoka akaenda sokoni, akarudi na mkeka aliokuwa ametumwa na mkewe, akautandika, akalala. Kompyuta ilikuwa moto kama kaango. Ilipokaribia kumaliza, wingu likapita juu ya sola, umeme ukashuka, kila kitu kikazimika.

Muthoka alifungua jicho moja. "Imekwisha?"

"Imezima."

"Haya," akasema, akalifunga jicho.

Nilitaka kulia. Baadaye nikaja kuona kwamba sehemu ya taabu yetu ilikuwa mpangilio tu. Kontena inajengwa tabaka kwa tabaka, na tabaka ambalo halijabadilika halijengwi tena. Sisi tulikuwa tunaingiza programu yetu kwanza, halafu tunaleta paketi. Kwa hiyo ukirekebisha hata nukta moja katika programu, kila kilicho juu yake kinaanza upya, paketi zote zinaletwa tena. Ukigeuza, paketi kwanza na programu yako mwisho, ile nukta inakugharimu dakika badala ya siku. Huo ni ujuzi mdogo sana. Nilizeeka kidogo kabla ya kuupata, na ninyi mnaupata hapa mkiwa mmekaa kwenye kiti.

Halafu akaja Kyalo.

Kyalo alikuwa mhandisi wa programu, kijana wa kutoka upande wa Kathonzweni, ameoa na ana mtoto mmoja. Alikuwa mwepesi wa kuelewa, na hakuwa na dharau, jambo ambalo si la kawaida kwa watu wepesi. Yeye ndiye aliyetuletea uv, meneja mpya wa paketi, mwenye kasi. Mara ya kwanza aliponionyesha nilidhani haijafanya kitu. Alibonyeza, ikaisha.

"Mbona haijaanza?" nikamuuliza.

"Madam, imemaliza."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, nikikumbuka ule mkeka wa Mutomo. Tukaihamia. Na naomba mnisikie vizuri: sijuti kuihamia. Yaliyotokea Tseikuru hayakuwa ya chombo. Chombo kilifanya kilichoambiwa.

Ilikuwa kiangazi kibaya. Mvua za vuli hazikushika, na watu wa huko kaskazini, ambao maisha yao ni mifugo, walikuwa wanatembea mbali kufikia kisima chetu kwa sababu mabwawa yalikuwa yamekauka. Kyalo alikuwa amekwenda Tseikuru kuweka programu mpya. Aliinakili folda yake ya kazi kutoka kwenye laptopu, akaiingiza kwenye kompyuta ya kibandani, akajenga kontena pale pale. Netiweki ilikuwa nzuri saa hiyo, paketi zikashuka, ujenzi ukamalizika bila kosa. Kwa kuwa nafasi ya kuhifadhi ilikuwa ndogo, akafuta kontena ya zamani na mabaki yote ya ujenzi. Aliacha ile mpya ijiwashe yenyewe sola zitakapopata jua la asubuhi, akaanza safari ya kurudi Kitui.

Asubuhi haikujiwasha.

Syombua, mama aliyekuwa mtunzaji wa kisima hicho, alingoja sauti ya pampu, hakuisikia. Na netiweki nayo ilikuwa imepotea eneo zima. Alimtuma mwendesha boda mpaka penye netiweki ili atupigie. Ujumbe ulitufikia ukiwa mfupi: pampu imegoma, watu wamejaa, njooni.

Nilichukua pikapu ya mradi, Kyalo akakaa pembeni na laptopu yake na flashi. Alikuwa amepakia paketi zote kwenye hiyo flashi kabla hatujaondoka, kwa sababu tulijua netiweki haipo. Nilimsifu kwa hilo. Tukashika njia. Alikuwa anasugua mapaja yake kwa viganja, kama mtu mwenye baridi, na jua lilikuwa linatuchoma kupitia kioo.

Tulipofika niliona kwanza mitungi, ya manjano, imepangwa foleni ndefu kuliko foleni ya watu wenyewe. Halafu mbuzi. Halafu, mbali kidogo karibu na birika la kunyweshea, ng'ombe wa mzee mmoja aliyeitwa Musyimi. Walikuwa wamesimama vichwa chini, hawapigi kelele. Ng'ombe anayelia bado ana nguvu.

Syombua alikuja mbio. "Mungu ni mwema mmefika," akasema. Alikuwa mtu wa kanisa sana, na siku hiyo sauti ya kuimba ilikuwa imemwisha.

Tuliingia kibandani. Kontena ilikuwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, kila mara ikisema kitu kimoja: haioni Python. Kyalo alisema, "Haiwezekani. Python iko ndani. Niliiweka mimi." Nikamwambia tusiibishie, tuifungue tuone. Ndani ya folda ya kazi kulikuwa na ile folda iliyofichwa ambayo meneja wa paketi huitengeneza, ndimo zinamokaa paketi za mradi, na ndani yake kielekezi kinachosema Python iko wapi. Nikakisoma kwa sauti. Kilielekeza nyumbani kwa Kyalo. Kwenye laptopu. Folda yenye jina lake.

Wenye kazi hii mmeshaelewa. Wakati wa kujenga, uv ilitengeneza folda hiyo vizuri kabisa, kwa ajili ya kompyuta ndogo. Halafu hatua iliyofuata ikainakili folda yote ya kazi ya Kyalo kuingia ndani ya kontena, na humo mlikuwa na folda nyingine ya jina lile lile, ya laptopu. Ikakaa juu ya ile nzuri na kuifunika. Kuna faili dogo la kuambia ujenzi vitu vya kuacha nje. Mstari mmoja ndani yake ungetosha. Haukuwepo.

Mlangoni kulikuwa na kivuli. Mzee Musyimi alikuwa amekuja, kofia mkononi.

"Mwaitu," akaniita, kwa heshima ya Kikamba ya kumwita mwanamke mama, ingawa alinizidi umri. "Hiyo mashine inasema nini?"

Sikumficha. "Inatafuta kitu, mzee. Inakitafuta kwenye kompyuta ya huyu kijana."

Alitazama kompyuta ndogo, akamtazama Kyalo. "Sisi tunatafuta maji," akasema. Hakuwa anatania, na hakuwa ameudhika. Alirudi kwa ng'ombe wake.

Kyalo aliandika ule mstari papo hapo, akachomeka flashi, akaanza kujenga upya. Nilimwona akikunja uso. Akajaribu tena. Halafu akaiweka mikono magotini.

"Madam," akasema polepole, "paketi hizi nilizishusha kwa laptopu."

"Najua."

"Ni za laptopu."

Hapo ndipo nilipokaa chini, kwenye sakafu ya saruji. Kompyuta za aina mbalimbali zina akili za aina mbalimbali, na paketi nyingi hutayarishwa kwa kila akili peke yake. Uv ilikuwa imeshusha zile zinazoifaa laptopu yake, kama ilivyotakiwa. Kwa kompyuta ya kibandani zilikuwa mzigo wa bure. Na mabaki ya ujenzi wa jana, ambayo yangetuokoa, yalikuwa yamefutwa.

Nilimwambia achukue gari, arudi njia ya Kyuso mpaka apate netiweki. "Usishushe kwa uv," nikamwambia. "Tumia pip ya zamani. Iambie wazi unataka za kompyuta gani, na uikataze kukuletea maandishi ya asili, la sivyo tutatandika mkeka hapa. Ukimaliza, fungua majina ya faili moja moja uone kama yametaja kompyuta yetu. Moja moja, Kyalo. Usiamini."

"Na nyinyi?"

"Nenda."

Alikwenda na vumbi. Mimi na Syombua tukabaki na swichi ya mkono.

Pampu ingeweza kuwashwa kwa mkono, hilo fundi aliyeifunga alilifikiria. Lakini bila programu hatukujua maji yako wapi. Tulikuwa na kamba ndefu ya kupimia. Basi tukawa tunawasha kidogo, tunazima, tunateremsha kamba, tunaona maji yameshuka mpaka wapi, tunangoja yapande, tunawasha tena. Kisima kilikuwa kimechoka kama sisi. Maji yalirudi taratibu mno. Kwa mwendo huo, kilichotoka bombani kilikuwa kama mtu anakupa pesa ya deni kwa sarafu.

Mtu alilazimika kusema nani aanze. Syombua alinitazama. Watu wote walinitazama, maana nilikuwa na kitambulisho cha mradi kifuani.

"Watu kwanza," nikasema. "Kila nyumba mtungi mmoja, si zaidi. Halafu mbuzi, kwa sababu wanakunywa kidogo. Ng'ombe mwisho."

Hakuna aliyebishana. Nilitamani wabishane. Mzee Musyimi alisikia, akavaa kofia yake, akasema, "Sawa, mwaitu."

Sikumbuki tuliwasha na kuzima mara ngapi. Nakumbuka kamba ilinichubua viganja. Nakumbuka mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliyekuwa anamwambia mtoto, "Ngoja, ngoja kidogo," na mtoto mwenyewe hakuwa analia, kwa hiyo nilidhani labda alikuwa anajiambia mwenyewe. Mitungi ilipokuwa bado haijaisha nikasikia watu wananyamaza. Nikatoka nje.

Mtamba mmoja wa mzee, ng'ombe jike ambaye alikuwa hajazaa bado, alikuwa amelala. Mzee alikuwa amechuchumaa karibu na kichwa chake. Yule mama mwenye mtoto alikuwa ameshajaza mtungi wake. Aliutazama, akatembea mpaka pale, akamimina maji kwenye sufuria aliyokuwa nayo mzee. Mzee akaisogeza mdomoni kwa mtamba. Maji yalilowesha pua, yakamwagika. Hakunywa. Mama akamimina tena kidogo. Hakunywa.

Nilirudi ndani nikateremsha kamba. Niwaambie nini? Mbuzi walikuwa bado.

Jua lilikuwa limeanza kupinda Kyalo aliporudi. Aliruka kutoka garini na laptopu ikiwa wazi mikononi kama sinia. Alimwona yule mtamba, amekufa, akasimama.

"Wa nani?" akauliza.

"Ingia ndani," nikamwambia.

Yeye alisoma majina ya faili na mimi nikaandika. Tulikuwa na bahati moja: imeji ya msingi, yaani kile kiolezo chenye Python tupu ambacho kontena hujengwa juu yake, ilikuwa bado ipo kwa sababu ile kontena iliyogoma ilikuwa inaitumia. Tukaiambia uv isitafute chochote mtandaoni, ichukue paketi kutoka kwenye folda tuliyoipa, kwa matoleo yale yale ya kwenye kufuli. Ikachukua. Ikamaliza kwa ule upesi wake ambao zamani ulinichekesha. Tukawasha kontena. Kwenye kioo cha kompyuta kikaja kipimo cha maji, halafu kingine, halafu kingine. Pampu ikajiwasha yenyewe ilipoona maji yametosha.

Hakuna aliyepiga makofi. Syombua alikaa kwenye mtungi uliopinduliwa na kufunika uso kwa leso. Ng'ombe waliobaki wakanywa mpaka birika likaonekana chini.

Ofisini mkutano uliitishwa. Meneja wetu, mtu ambaye si mbaya lakini alipenda kila jambo liwe na jina la mtu, alisema, "Nataka kujua ni nani." Kabla sijafungua mdomo, Kyalo akasema, "Ni mimi." Meneja akamwambia asiguse kompyuta ya kisima chochote mpaka atakapoambiwa. Halafu, nadhani ili kumliwaza, akaongeza, "Tushukuru, ni ng'ombe mmoja tu." Kyalo aliinamisha kichwa. Na kama mimi nilianza kustaafu siku fulani, ni siku hiyo, ingawa barua ilikuja baadaye sana.

Yaliyobadilika baada ya hapo ni haya, na myatumie bila kulipa bei yetu. Tuliacha kujenga kontena visimani. Tulinunua kompyuta ndogo ya aina ile ile, tukaiweka mezani ofisini, tukawa tunajenga kwa ajili yake. Kabla hatujasema kazi imekwisha, tunachomoa waya wa intaneti na kuiwasha. Kontena inayowaka ikiwa na intaneti haijakuambia kitu. Na ya zamani hatuifuti mpaka mpya iwe imefanya kazi kutwa nzima, hata nafasi ikiwa ndogo vipi. Kujengwa na kufanya kazi ni mambo mawili. Ujenzi ule wa Kyalo haukutoa kosa hata moja.

Juma lililofuata Kyalo alikuja kwenye meza yangu, akasimama kama mtu anayeomba ruhusa ya msiba.

"Madam, nataka kwenda kumpa yule mzee pole. Siwezi kwenda peke yangu."

Tukaenda. Nyumbani kwa Mzee Musyimi mkewe alitukaribisha kwa chai na muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa na kunde, katika mwaka ambao sikuelewa kunde amezipata wapi. Tulikula kwa aibu. Kyalo alieleza kila kitu. Hakusingizia netiweki, hakusingizia sola. Alijaribu kueleza ile folda iliyofichwa, akashindwa, akarudi mwanzo, akashindwa tena. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho.

"Hicho kitu ulichosahau," akauliza, "ni kikubwa kiasi gani?"

"Ni kidogo, mzee. Ni mstari mmoja."

"Mstari mmoja wa kuandika?"

"Ndiyo. Ni kama neno moja tu."

Mzee alikizungusha kikombe chake. Mkewe aliacha kupakua. Nilisubiri aseme juu ya mtamba, nilikuwa nimejiandaa kwa hilo njia nzima.

"Sasa umeliandika?"

"Nimeliandika, mzee. Siku ile ile."

"Kila mahali?"

Visima vya Mutomo vilikuwa bado vinatumia folda ya zamani isiyo na ule mstari, na Kyalo alikuwa amekatazwa kuvigusa. Mimi nilijua. Meneja alijua pia, na alisema tutalipanga mwezi ujao. Kyalo alinigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alionekana mtoto.

"Hapana, mzee," nikasema mimi. "Bado si kila mahali."

Mzee alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyepewa bei aliyoitarajia. "Malizeni chai," akasema.

Tuliaga. Garini Kyalo aliiweka laptopu magotini lakini hakuifungua. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Ifungue," nikamwambia.

"Nimekatazwa, Madam."

"Nimesikia ulivyokatazwa. Nilikuwepo. Ifungue uuandike ule mstari kwa visima vya Mutomo. Wakiuliza, watanipata mimi ofisini."

Aliandika huku gari likiruka kwenye mawe, akifuta na kurudia kila tulipogonga shimo. Nilipoona simu yangu imeshika netiweki nilitoka barabarani, nikazima injini, nikalaza kichwa kwenye usukani, nikamngoja atume.